Naomba ushauri: mdahalo wa Vita Baridi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nafundisha historia sekondari hapa Amu. Vijana wa kidato cha nne wana mdahalo: je, kweli Kenya haikufungamana na upande wowote enzi za Vita Baridi? Watetezi wameshikilia Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliokataa ubepari wa Magharibi na ukomunisti wa Mashariki. Wapinzani wana mkataba wa 1980: Wasovieti wameshaingia Afghanistan, Wamarekani wakaruhusiwa kutumia bandari ya Mombasa. Hoja nzito hiyo, wallahi. Tatizo, kila mazoezi wanahamia mambo ya leo: wanajeshi wa Marekani walio kambini Manda, hapa jirani, kisha gati za bandari ya Lamu zilizojengwa na Wachina. Niwaache, au niwarudishe? Na watetezi niwaongezee hoja gani?