Mrejesho: nzi wangu sasa wanaelea

Wadau, niliwauliza kwa nini nzi wa kuelea (chambo bandia cha manyoya kinachofungwa kwenye ndoano) ninaowafunga mwenyewe wanazama nikivua samaki aina ya trauti mto Thego, Kenya. Mkanijibu niachane na manyoya ya tetea kwa sababu yananyonya maji, nitafute ya shingo ya jogoo aliyekomaa.

Ni kweli kabisa! Unyoya wa jogoo ni mgumu na unang'aa. Ukiuzungusha kwenye ndoano namba 14, nyuzi zake zinasimama wima na nzi anakaa juu ya maji kwa ncha tu. Nimefunga nzi wa aina ya Adams, aliyebuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922, nikachanganya unyoya wa kahawia na wa madoa ya kijivu. Tulipobadilishana nzi na wenzangu, wangu ndio waliogombewa.

Ndugu uliyenipa ngozi nzima ya shingo, asante sana. Nimekutengea wako.