Fundi amepaka grisi juu ya uchafu, presi imekwama na mabegi ya mteja yameharibika

Wadau nimekasirika hadi mkono unatetemeka. Mi hushona mabegi ya ngozi hapa Kariokor, Nairobi, na kazi yangu yote inategemea presi moja ya mkono, ile ya kugonga ringi na vishikizo. Ilikuwa imeanza kuwa nzito nikapelekea fundi aifanyie sevisi, nikalipa 1,500, ikarudi inang'aa. Jumatatu asubuhi iko laini, kufika saa saba shafti (ile chuma inayopanda na kushuka ndani ya tundu lake) inakwama katikati hadi naulalia mkono na kifua ndio ishuke. Nikaifungua mwenyewe.

Aki huyu jamaa hakuosha kitu! Grisi nyeusi nzito imejaa kila kona na chini yake uchafu wa kitambo uko vile vile, vumbi la ngozi, kutu, vipande vya ringi vidogo kama mchanga. Nilichukua kidogo nikasugua kwa vidole, inakwaruza kama msasa, na hiyo ndiyo imekuwa ikisaga ndani ya tundu kila nikivuta mkono. Shafti tayari ina mistari, ukipitisha ukucha unashika.

Halafu jua la mchana likilainisha hiyo grisi inashuka hadi kwa dai (vile vichwa vya chuma vinavyobana ringi), kutoka hapo inaingia kwa ngozi. Ngozi yangu ni ile ya rangi ya asili, haijapakwa kitu, hiyo ikinywa mafuta imekunywa. Mabegi 4 kati ya 12 yana duara jeusi kando ya ringi. Nimemwagia poda usiku kucha, imevuta kidogo tu, doa bado liko.

Kumpigia ananiambia eti mashini bila grisi itakufa. Nani amekataa grisi? Inakaa kwa pini za maungio ya mkono, na kidogo! Shafti unaitoa, unaiosha na mafuta ya taa na brashi, na tundu lake pia, unapangusa mpaka tambara litoke safi, ikikauka unaweka matone mawili matatu ya oili ya cherehani, unapandisha na kushusha mara kadhaa halafu unapangusa inayobaki. Dai zinakaa kavu kabisa. Hata Wamarekani wanaotengeneza risasi nyumbani kwa kujaza upya maganda na presi za mkono kama hii (huku ukijaribu bila leseni unafungwa) shida yao ni hiyo hiyo, masizi ya maganda yaliyotumika yanaanguka kwa shafti, na wanasafisha kwanza ndio wapake.

Sasa simu hashiki. Mteja anakuja Alhamisi na ngozi ya kurudia mabegi 4 inatoka mfukoni mwangu. Mwenye anajua mtu wa kuchonga shafti vizuri aniambie, lakini ataifungua na kuiosha nikiwa nimesimama hapo.