MJADALA: Samaki wakifa vizimbani Mwanza, ni upepo au ni uchafu wetu?

Mtumbwi Mweupe
Wakuu, habari za wikiendi.

Naweka msimamo wangu mwanzoni ili anayetaka kunipinga asipate shida ya kuutafuta. Vizimba vya samaki vilivyobanana kwenye vighuba vya maji mafupi vya Ziwa Victoria kuzunguka Mwanza vihamishwe. Na samaki wakifa kwa wingi, jibu la "ni upepo" lisipokelewe mpaka lije na vipimo vya oksijeni vya usiku huo.

Tangu Rais Samia azindue hapa Mwanza mwaka 2024 ugawaji wa boti na vizimba vya mkopo, watu wengi wameingia kwenye ufugaji wa sato. Samaki wakifa, zinazaliwa kambi mbili papo hapo: kiwanda kimemwaga sumu, au upepo umegeuza maji, mipango ya Mungu. Kambi zote mbili zinamwacha mfugaji na deni lake.

Majirani yamewakuta. Mwisho wa 2020 kuingia Januari 2021 Uganda waliokota sangara waliokufa fukwe kwa fukwe. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipata hasara kubwa. Kote wataalamu walisema maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu. Naamini hivyo. Ninachokataa ni mazungumzo kuishia hapo.

Kijana wa Igoma
"Upepo" ndio "mkojo wa ng'ombe" mpya. Mmesahau Mto Mara, Machi 2022? Maji yakawa meusi, samaki wakafa, kamati ya serikali ikaja na jibu la kinyesi na mkojo wa mifugo. Nchi nzima ilicheka. Leo mnataka nimeze na hili?

Mwalimu Nyegezi
Kijana wangu, usiumeze, uusikilize kwanza.

Ziwa letu ni pana lakini si refu kwenda chini: wastani wa kina ni mita 40, na palipozama zaidi ni kama mita 80. Kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, jua hupasha maji ya juu, yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Yale ya chini hayaguswi na hewa. Mwani, ule ukijani unaoelea majini, ukifa unazama, unaoza, na kule kuoza kunamaliza oksijeni iliyokuwepo. Mei au Juni unaingia upepo wa kusini-mashariki, ule ambao watu wa Pwani wanauita kusi. Unakuja mkavu, maji ya juu yanapoa kwa kuvukizwa, na ziwa linachanganyika mpaka Agosti hivi. Mwingereza mmoja, Talling, alilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mzunguko wake ni ule ule.

Sasa angalia tulipo. Mwanza iko kusini, upande unakotokea upepo. Ukivuma siku kadhaa mfululizo unasukuma maji ya juu kuelekea Uganda, na nafasi yake huku inajazwa na maji ya chini. Ukikata, ziwa zima linayumba kama beseni uliloliinamisha ukaliachia: mpaka wa maji ya moto na ya baridi unapanda huku, unashuka kule, siku kadhaa. Ndiyo maana samaki wanaweza kufa siku ambayo ziwa limetulia tuli, na watu wakauliza upepo uko wapi. Upepo ulishapita.

Bi Dagaa wa Kirumba
Mwalimu, shikamoo. Mbona nasikia Kigoma na baharini maji ya chini yakipanda ni neema? Huku kwetu kwa nini ni msiba?

Mwalimu Nyegezi
Marahaba mama. Ni kweli, ni neema. Pwani ya Somalia, Peru, Namibia, Moroko, upepo ukiondoa maji ya juu, yale ya chini yanapanda yamejaa virutubisho, mwani unastawi, samaki wanajaa. Kusini mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Zambia, kusi hufanya hivyo hivyo kuanzia Mei hadi Septemba. Kuna utafiti uliotoka 2003 ulioonyesha kwamba ziwa lile likipata joto na upepo ukipungua, chakula cha samaki kinapungua.

Ila kuna tofauti, kwa wanaopenda fizikia: Somalia upepo unavuma sambamba na pwani, na mzunguko wa dunia ndio unaopindisha maji yaende bahari kuu. Ekman alilieleza hilo mwaka 1905. Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, ule msukumo wa kupindisha ni hafifu mno. Huku maji yanafuata upepo karibu moja kwa moja.

Virutubisho hata hapa vinapanda, mama. Shida ni kinachopanda navyo. Maji ya chini ya leo si yale aliyoyapima Talling. Watafiti wa miaka ya 1990, Hecky na wenzake, walikuta mwani umeongezeka sana na eneo lisilo na oksijeni limepanuka. Upepo ni ule ule wa babu zetu. Mzigo wake ndio umebadilika, na tumeupakia sisi.

Kijana wa Igoma
Haya, hapo tunaelewana. Kwa hiyo viwanda.

Mwalimu Nyegezi
Viwanda vimo, na Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji kila mtu anajua unabeba nini. Lakini usiishie hapo. Dk. Rashid Tamatamah, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu upande wa Uvuvi, alishiriki utafiti wa 2005 uliopima fosforasi, kirutubisho cha mwani, inayodondoka ziwani na mvua na vumbi. Ilikuwa sehemu kubwa ya mzigo wote. Maana yake mashamba yanayochomwa na udongo unaopeperuka kutoka mbali na ziwa navyo vinalisha mwani. Huyo mshtakiwa hana geti la kwenda kuandamana.

Mfugaji Luchelele
Niseme nilichokiona, si nilichosoma.

Jioni chakula kilibaki kinaelea, sato hawakugusa. Alfajiri mlinzi alinipigia akisema samaki wana njaa, wako juu wote wanafungua midomo, na ameshawaongezea chakula. Nilipofika maji yalikuwa na rangi ya kijani iliyochafuka, yananuka yai viza. Niliingiza mkono: baridi, si maji ya ziwa la kawaida wakati ule wa mwaka. Wale wakubwa ndio walitangulia kufa. Nje ya wavu furu wadogo walikuwa wanaogelea kama kawaida.

Kijana, ingekuwa sumu ya kiwandani, na furu wangeelea. Furu na sato wanavumilia oksijeni kidogo kuliko sangara, ila sato wangu walikuwa wamebanwa, hawana pa kukimbilia. Na ile pumba ya asubuhi iliwamalizia, maana samaki akila anahitaji hewa zaidi.

Kilichoniuma zaidi ni bima. Kampuni (siitaji) ilisema nithibitishe chanzo. Nithibitishe kwa nini? Harufu? Kipima oksijeni sikuwa nacho, na waliokuja na chao walifika mchana, jua limewaka, mwani umeshatengeneza hewa, kipimo kinasoma vizuri kabisa.

Mtumbwi Mweupe
Ndugu wa Luchelele, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Oksijeni hushuka chini kabisa kabla ya mapambazuko. Anayepima saa sita mchana anapima kitu kingine.

Mvuvi wa Kayenze
Nimewasoma wote, shukrani mwalimu. Sasa na sisi tusikilizwe. Mnasema vizimba vihamie maji marefu kana kwamba huko hakuna mwenyewe. Huko ndiko tunakotega, na usiku ndiko karabai za dagaa ziliko. Tayari ufukweni kuna sehemu hatupiti kwa sababu ya maboya ya wafugaji. Halafu huko mawimbi yatawavunjia, na mwizi hana haja ya kuingia kwa kificho.

Zaidi ya hapo, mwalimu si amesema maji mabaya yanatoka kina kirefu? Mnawahamishia kwenye chimbuko?

Mwalimu Nyegezi
Swali zuri, kaka. Upepo ukisukuma, ni ufukweni upande wa upeponi ndipo maji ya chini hutokeza karibu na uso. Katikati yanabaki chini zaidi. Lakini hakuna sehemu ya kusini mwa ziwa iliyo salama kabisa, hilo nakubali.

Mtumbwi Mweupe
Na sababu yangu kubwa ya kuhamisha siyo upepo. Ni kinyesi na chakula kinachozama chini ya kizimba kilekile mwaka hadi mwaka. Kwenye kighuba chembamba hakuna mkondo wa kukiondoa, kinaoza palepale, kwa hiyo upepo ukija unakuta nusu ya kazi imeshafanyika. Hapo sibadili. Kuhusu njia za mitumbwi, mvuvi ana haki, ramani ichorwe nao wakiwa mezani.

Bi Dagaa wa Kirumba
Wanaume mnapenda ramani. Mimi nauliza kitu kidogo: Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa upepo na mawimbi ziwani, na wavuvi wanausikiliza. TAFIRI, watafiti wa serikali wa mambo ya uvuvi, wako hapahapa Mwanza. Kwa nini upepo ukitabiriwa mkali wa siku kadhaa, mfugaji asipate ujumbe kwenye simu: punguza chakula, vuna waliofikia uzito, usiongeze vifaranga?

Mfugaji Luchelele
Mama, ujumbe huo ungeniokolea nusu ya samaki.

Kijana wa Igoma
Naunga mkono ujumbe. Ila vipimo viwekwe hadharani, si kwa mfugaji peke yake. Siku wakifa tena nataka nione namba za saa kumi alfajiri kabla sijaambiwa ni upepo.

Mvuvi wa Kayenze
Mkikaa kuchora hiyo ramani, mkutano uwe mchana. Usiku tuko kazini.