Mjane Clicquot alibadilisha nini hasa kwenye shampeni?

MezaNyali: Salaam wadau. Wahudumu wapya wa hotelini huku Nyali hufundishwa kwamba Veuve Clicquot (Kifaransa cha "Mjane Clicquot"), kampuni ya shampeni, ndiyo iliyoisafisha shampeni. Iliisafisha vipi? Na mbona chupa nyingi zikifunguliwa hapa Mombasa povu humwagika mpaka kwenye kitambaa cha meza?

Fundi_wa_Sela: Kampuni ilianzishwa na Philippe Clicquot mjini Reims, Ufaransa, mwaka 1772. Mwanawe François alipofariki 1805, mkewe Barbe-Nicole, mwenye miaka 27, akaishika biashara. Tabu kubwa ilikuwa mashapo. Shampeni huchachuka mara ya pili ndani ya chupa: siku hizi hutiwa hamira na sukari, takriban gramu 24 kwa lita, na presha hufika kama atmosfia 6, yaani mara sita ya presha ya hewa ya kawaida. Hamira ikifa huganda chini kama tope. Zamani mvinyo ulihamishwa chupa hadi chupa kulitoa tope, na gesi ikapotea nayo.

Mwaka 1816, kwenye sela (ghala la mvinyo la chini ya ardhi) ya Barbe-Nicole, meza ilitobolewa, chupa zikachomekwa shingo chini. Kila chupa huzungushwa kidogo kidogo na kuinamishwa zaidi, kwa wiki kadhaa, hadi tope lote literemke kwenye kizibo. Ikifunguliwa, presha hulitema tope. Chupa hujazwa mvinyo wenye sukari na kuzibwa upya. Ukiharakisha, chembe nyepesi hubaki zikielea. Antoine Müller, msimamizi wa sela, anastahili kutajwa pia.

Kizibo: Wengi hukosea mpangilio wa matukio. Shehena maarufu ya Barbe-Nicole ya Urusi, chupa zaidi ya 10,000, iliondoka 1814, kabla ya meza hiyo. Aliwashinda wenzake kwa kuwahi baharini Napoleon alipoanguka. Na wateja wa karne ile walipenda utamu mwingi: chupa zilizoopolewa 2010 karibu na visiwa vya Åland, Finland, zikiwemo za Clicquot, zilikuwa na sukari kama gramu 150 kwa lita. Brut (shampeni isiyo tamu sana) ya leo haizidi 12.

Fundi_wa_Sela: Povu kumwagika ni joto na mtikiso. Mvinyo wenye joto hauwezi kuishika gesi, na chupa iliyotoka kwenye tuktuk inahitaji kutulia kwanza. Itie kwenye ndoo ya barafu *na maji*, nusu kwa nusu, dakika 30, ifike nyuzi 8 hadi 10. Barafu tupu haiigusi chupa yote. Waya hulegezwa kwa nusu mizunguko sita, kidole gumba kikiwa juu ya kizibo muda wote. Iinamishe chupa, shika kizibo, kisha zungusha chupa yenyewe.