Chanjo ya kideri imegoma baada ya Gumboro: shida ni dawa au ni kuku wenyewe?

MamaBanda
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatia hela nyingine bandani. Nilichukua vifaranga chotara kwa mtotoleshaji mmoja. Kabla hawajafikisha wiki tatu wakazubaa, manyoya yakasimama, wakaharisha kinyesi cheupe. Wachache walikufa, wengine wakarudi kula. Bwana mifugo alipasua mmoja akasema ni Gumboro. Baadaye nikawapa chanjo ya kideri kwa ratiba, na nikairudia. Sasa kideri kimeingia mtaani na kwangu kimepiga: shingo zinapinda, mabawa yanaburuzika. Jirani ana kuku wa umri uleule, chanjo tulinunua duka moja, wake wazima kabisa. Je, dawa ilikuwa mbovu? Na hawa waliobaki niwalee wawe wa mayai au niwauze nyama?

Kokoriko
Ulibebaje chanjo kutoka dukani? Ikipata joto njiani hiyo ni maji tu.

MamaBanda
Kwenye chupa ya chai yenye barafu mpaka bandani, na nilidondoshea kila kuku jichoni.

DaktariMifugo
Pole sana dada. Kwa maelezo hayo dawa siilaumu. Aliyeharibu ni Gumboro, na aliharibu mapema, kabla chanjo ya kideri haijapata wa kufanya nayo kazi.

Kuku ana kifuko kidogo cha mviringo juu ya tundu la haja, kinaitwa bursa. Seli changa za kinga huingia humo kifaranga akiwa bado ndani ya yai, zinaongezeka, na kila moja inajitengenezea kipokezi chake cha kutambua adui wa aina fulani. Hizo ndizo seli B, na ndizo zinazotengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa virusi. Bursa ndiyo jando lao: asiyepita humo hatoki mpiganaji. Na kifaranga akishaanguliwa, seli changa mpya haziingii tena humo.

Virusi vya Gumboro vinalenga seli B changa zikiwa humohumo. Bwana mifugo wako bila shaka aliikuta bursa imevimba, imezungukwa na ute wa njano, pengine na damu. Ungepasua mwingine wiki moja na ushee baadaye, ungeikuta imesinyaa kuliko ya kuku mzima. Kuku anakula, anakua, lakini ukimpa chanjo hana seli za kutosha za kuitikia. Akiugua akiwa mkubwa zaidi, seli B nyingi huwa zimeshatoka kwenda kwenye bandama na kwingineko, kwa hiyo hasara ya kinga ni ndogo. Ndiyo maana nimeshika sana umri ulioutaja.

Kokoriko
Sasa mbona hawakufa wote na magonjwa mengine?

DaktariMifugo
Kwa sababu kuna kikosi cha pili. Pasua ngozi ya shingo ya kifaranga, pembeni mwa mshipa mkubwa wa damu utaona vipande vyeupe vilivyojipanga kila upande. Hiyo ni thaimasi. Humo hukomaa seli T, zinazoua seli za mwili zilizokwisha kuingiliwa na virusi na kuzisaidia seli B kufanya kazi. Mchujo wa humo ni mkali: seli isiyoweza kutambua chochote inakufa, na inayotaka kushambulia mwili wenyewe inauawa. Zinazotoka hai ni chache. Gumboro haiigusi thaimasi kama inavyoigusa bursa.

Mwanamaabara
Naongezea, maana kuku ndiye aliyewafundisha madaktari wa binadamu jambo hili. Mwaka 1956 Bruce Glick wa Marekani na wenzake walionyesha kuwa vifaranga walioondolewa bursa wanashindwa kutengeneza kingamwili. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, aliondoa thaimasi kwa panya wachanga na kinga yao ikaporomoka. Mwaka 1965 Max Cooper na Robert Good wakatenganisha vikosi hivyo viwili kwa kutumia kuku. Herufi B inatokana na bursa, T ni ya thaimasi.

MamaBanda
Na watoto wetu wanayo hiyo bursa?

Mwanamaabara
Hapana. Kwa binadamu seli B hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na kazi hiyo inaendelea maisha yote. Thaimasi tunayo, iko nyuma ya mfupa wa kifua. Ni kubwa utotoni, halafu inasinyaa kadiri umri unavyokwenda.

DaktariMifugo
Dada, turudi kwenye swali lako. Kwa sasa usiuze wala kugawa hata kuku mmoja, utasambaza kideri. Wanaokufa wafukie shimo refu au wachome, na mwite afisa mifugo wa kata. Wa mayai sikushauri, kinga yao itakusumbua muda wote. Virusi vya Gumboro vinakaa bandani miezi mingi, kwa hiyo toa maranda yote, osha kwa sabuni, puliza dawa, uliache banda tupu kabla ya kuingiza wengine.

MamaBanda
Nimekuelewa daktari. Awamu ijayo Gumboro niwachanje siku ya ngapi?

DaktariMifugo
Wengi hapa huchanja siku ya 14 na kurudia siku ya 28, ila muulize mtotoleshaji kama kuku wazazi walichanjwa. Kingamwili za mama zinazokuja ndani ya yai zinamlinda kifaranga siku za mwanzo, lakini zinaua pia chanjo ukiwahi mno. Akishindwa kukujibu, nunua kwa mwingine.