Tupeane uzoefu: dumuzi alivyoingia ghalani kwako na ulivyopambana naye

Mleta mada, Kongwa

Ndugu wanachama, naomba tupeane uzoefu juu ya dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi wa Tanzania tunamwita Scania. Naanza na yaliyonikuta. Msimu uliopita nilivuna magunia 14 ya mahindi, nikayapukuchua mwezi wa saba, nikayachanganya na dawa ya unga niliyouziwa katika duka la pembejeo, kisha nikayapanga chumbani juu ya mbao. Mwezi wa kumi na mbili mke wangu alikwenda kuchota ya kusaga, akakuta unga mwembamba umetapakaa sakafuni, na gunia alilolishika likanyanyuka kwa mkono mmoja. Tulipeta magunia manne, ambayo ni debe 24, tukapata debe tisa tu za kuliwa. Mahindi hayo nilikuwa nimeyatengea ada ya mtoto, nikisubiri bei ya Februari.

Niliposoma pakiti kwa makini, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kulipa, niliona dawa ile ina kiambato kimoja tu, pirimifosi-methili, ambacho huua fukusi vizuri lakini kwa dumuzi hakifui dafu. Dumuzi huuawa na permetrini, nayo kwa fukusi ni dhaifu, ndiyo maana dawa ifaayo huwa na vyote viwili. Wenzangu mlifanyaje?

Mchangiaji, Urambo

Pole sana, kijana wangu. Mdudu huyu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapa Afrika alitambuliwa kwanza katika mkoa wetu wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, nami nikiwa kijana mwenye kihenge changu cha kwanza. Tulikuwa tumemzoea fukusi, ambaye hutoboa punje lakini humwachia mwenye mahindi chakula. Huyu mpya, mweusi wa kahawia na asiyefika milimita tano, alikuta mahindi yetu yakiwa bado kwenye magunzi na maganda yake, kama tulivyofundishwa na baba zetu, na kwa miezi michache akatuachia magunzi na vumbi. Makopa ya mihogo, tuliyoyategemea mahindi yakiisha, nayo aliyala.

Kosa langu kubwa lilikuwa msimu wa pili. Nilisafisha kihenge nikaweka mahindi mapya, wala sikujua kwamba dumuzi hutoboa hata miti na kuishi humo. Nguzo zile zile zikayaambukiza mavuno mapya. Tangu hapo hupukuchua kwanza, kwa maana kwenye gunzi punje hazichezi naye hupata pa kujishikiza anapotoboa, na masalia yote ya mwaka uliopita huyachoma moto kabla sijaingiza punje moja.

Mchangiaji, Taveta

Shikamoo mzee. Kwetu Kenya alionekana mwaka 1983, hapa hapa Taveta, mpakani na Tanzania. Mwaka 1992 watafiti waliachilia nchini mdudu mwingine kutoka Amerika ya Kati, Teretrius nigrescens, ambaye humla dumuzi na mabuu yake. Wako waliodhani kwamba baada ya hapo dawa hazingehitajika tena. Mimi nilikuwa mmoja wao, nikapoteza nusu ya ghala. Yule mlaji husaidia kupunguza dumuzi kwa ujumla, lakini mahindi yaliyokwisha kuvamiwa hawezi kuyaokoa kwa wakati, na dumuzi ana makao porini, ndani ya miti, mbali na maghala yetu.

Mchangiaji, Kondoa

Mimi nitazungumzia yale mabaki, maana wengi hatuyatupi. Mama mkwe wangu aliniagiza nimwage punje zilizotobolewa, nami kwa uchungu wa kupoteza nikawapa kuku. Walidhoofika, wakapunguza kutaga, na wanane wakafa. Mtaalamu wa mifugo alinieleza kwamba punje iliyotobolewa na kupata unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na kwamba kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo sisi wa huku hatulichukulii neno hilo kwa wepesi. Nawasihi akina mama wenzangu, msiyasage mahindi ya namna hiyo kwa uji wa mtoto hata kama ghala limebaki tupu.

Mchangiaji, Babati

Mimi niliachana na dawa nikahamia mifuko ya tabaka tatu, miwili ya ndani ikiwa ya plastiki nzito na wa nje ukiwa kiroba cha kawaida. Kila mfuko hufungwa peke yake baada ya kukamuliwa hewa, na wadudu waliomo huimaliza oksijeni, huacha kula, kisha hufa. Nilifungua baada ya miezi sita nikakuta dumuzi wachache wamekauka juu ya punje safi. Mfuko mmoja tu uliharibika, ule niliokuwa nikiufungua kila juma kuchota ya kula. Siku hizi ya kula huyaweka katika mfuko wake. Ila mahindi lazima yawe makavu kabisa, la sivyo yataoza humo ndani. Weka chumvi kavu na punje ndani ya chupa ya kioo iliyokauka, utikise, uache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Mleta mada, Kongwa

Nawashukuru sana. Nimenunua mifuko kumi kwa kuanzia, na mbao za chumbani nimezitoa zote baada ya kusoma habari za nguzo za mzee wa Urambo; mbili zilikuwa na matundu. Jana jioni nilifanya jaribio la chumvi, ikaganda. Leo mahindi yamerudi kwenye turubai.