Naomba ushauri: eksirei haina ufa, lakini kifundo cha mkono bado kinauma

Habari zenu wakuu. Siku 9 zilizopita niliteleza nikaangukia kiganja. Eksirei haikuonyesha ufa, nikapewa bandeji na dawa za maumivu tu. Lakini nikibonyeza kale kashimo kanakojitokeza kwenye shina la kidole gumba ukikinyoosha, naumia sana, na kushika kikombe siwezi. Nimesoma kuwa hapo ndipo ulipo mfupa wa skafoidi, na ufa wake huweza usionekane kwenye picha za mwanzo. Tena damu yake nyingi huingilia upande wa vidole, hivyo ukivunjika, kipande cha upande wa pili kinaweza kufa. Hilo linanitisha, kazi yangu ni ya mikono. Nirudi sasa nikaombe picha nyingine, au nisubiri wiki 2 zitimie? Waliowahi kufungwa plasta ya mfupa huu, mlikaa nayo muda gani?